Kinga ya majeruhi isisubiri mfuko wa dereva

Tangu sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, kila mwenye gari nchini Kongo analazimika kuwa na bima ya kulipa madhara atakayowafanyia wengine barabarani. Ni sharti la haki, na umri wake umeshapita nusu karne. Lakini mtu anayetembea kwa miguu pembeni ya barabara za Manika, komini ya Kolwezi, akilisoma vizuri, ataona kwamba linamwamuru mwenye gari anunue bima, bila kumhakikishia aliyegongwa kwamba atalipwa. Kati ya amri na malipo pana pengo, na ndani ya pengo hilo familia za Kolwezi huuza kiwanja, huuza cherehani, humtoa mtoto shuleni ili mguu wa baba uwekewe vyuma. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba anayetaka kujikinga na dereva asiye na bima asianze kwa kuuliza dereva ana nini. Aanze kwa kuuliza yeye mwenyewe ana nini. Kinga inayomfuata mtu kila aendako ndiyo inayokuwepo saa ya ajali, awe amegongwa na lori la kigeni, na manseba (dereva wa pikipiki ya abiria) wa mtaani, au na gari lililokimbia gizani bila namba yake kusomwa.

Tuiangalie barabara yenyewe. Barabara ya Taifa namba 39 (RN39), inayotoka upande wa Likasi, ikapita Kolwezi na kuendelea hadi Dilolo karibu na Angola, ndiyo inayobeba uchumi wa Lualaba. Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni mbili na nusu za shaba, karibu zote kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Kama shaba yote hiyo ingepakiwa kwenye malori ya tani 30, zingehitajika safari zaidi ya 80,000 kwa mwaka za kutoka tu, kabla hatujahesabu malori yanayoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa na salfa, chokaa, asidi, mafuta na vipuri. Kwenye lami hiyohiyo yumo manseba na abiria wake wawili na gunia katikati, wamo wachimbaji wanaorudi kutoka mashimoni, wamo wanafunzi, na akina mama wenye beseni vichwani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani duniani kila mwaka, na kwamba zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hawa ndio watu wetu. Maongezi ya bima nchini mara nyingi ni maongezi ya wenye magari, ilhali wanaovunjika mifupa kwa wingi hawana gari la kuliwekea bima.

Mkasa wa Tenke unaonyesha ukubwa wa shida. Tarehe 20 Februari 2019, lori la asidi ya salfa lililokuwa likielekea mgodi wa Mutanda liligongana na basi karibu na Tenke, kwenye barabara hiyohiyo ya Kolwezi. Watu wasiopungua 18 walikufa, wengine wakabaki na majeraha ya kuunguzwa na asidi. Shehena ile ilikuwa ya sekta yenye fedha kuliko zote nchini, na habari ilitangazwa dunia nzima. Hata hivyo, mashirika ya haki za binadamu ya hapa Kolwezi na ya Uswisi yaliendelea kulifuatilia suala la fidia kwa miaka. Ikiwa wahanga wa ajali inayojulikana hivyo walihitaji watetezi wa nchi mbili ili wasisahauliwe, tujiulize ni nani atakayemtetea muuza mkaa aliyegongwa saa mbili usiku na pikipiki isiyo na namba wala taa.

Kisheria, majeruhi wa Kongo hayuko mikono mitupu. Kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, kilichotokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba mtu aliyemletea mwenzake madhara kwa kosa lake analazimika kuyafidia. Kifungu cha 260 kinasogea mbele zaidi: bwana wa kazi anawajibika kwa madhara yanayofanywa na mtu aliyemtuma, wakati akiifanya kazi aliyotumwa. Majeruhi anaweza kwenda parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), akaingia ndani ya kesi ya jinai kama mdai wa fidia, na mahakama ikampa hukumu yenye kiasi cha dola kilichoandikwa wazi. Shida inaanza hapo. Hukumu ni karatasi inayosema nani anadaiwa. Fedha zenyewe lazima zitoke mahali. Manseba wengi pikipiki wanayoiendesha si yao. Kila jioni wanampelekea mwenye pikipiki hesabu ya siku, na kinachobaki kinanunua unga wa bukari. Ukishinda kesi dhidi ya mtu wa namna hiyo, umeshinda haki ya kudai fedha ambazo hazipo. Ukimfunga, umemwondoa kazini mtu pekee ambaye angeweza kukulipa kidogokidogo. Ninaelewa hasira ya ndugu wanaotaka dereva akalale gerezani, na kwa kosa zito adhabu inastahili. Ila gereza halilipi hospitali, na familia ya majeruhi ni lazima itenganishe mambo hayo mawili siku ya kwanza, kabla hasira haijaamua kwa niaba yake.

Ndiyo maana jicho la majeruhi halipaswi kuishia kwa dereva. Lipande juu, kwa mwenye chombo, kwa kampuni iliyomwajiri, kwa mkandarasi aliyepewa kazi ya kusafirisha. Kifungu cha 260 kiliandikwa kwa ajili ya hali hiyo, na katika mji ambao nusu ya magari yanaonekana yanakimbia kwa ajili ya kazi za mgodi fulani, nyuma ya dereva maskini mara nyingi yupo mtu mwenye uwezo. Lakini ili kumfikia unahitaji ushahidi, na ushahidi wa barabarani hufutika ndani ya saa chache. Namba ya gari, namba ya trela (ambayo mara nyingi ni tofauti na ya kichwa cha lori), jina la kampuni iliyoandikwa mlangoni, cheti cha bima na jina la kampuni iliyokitoa, picha za mahali zilizopigwa kwa simu kabla magari hayajasogezwa, majina ya mashahidi wawili, taarifa ya polisi yenye nambari, na kila risiti ya hospitali kuanzia ile ya bandeji ya kwanza: vitu hivi havigharimu kitu kuvikusanya, lakini vinaamua kama dai litasimama au litaanguka. Kwa malori ya Zambia, Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu kuna Kadi ya Njano ya COMESA, inayofanya kazi tangu miaka ya 1980 na ambayo Kongo inaitambua. Kadi hiyo inamhakikishia aliyegongwa nchini mwetu angalau kinga ileile ambayo sheria ya Kongo inailazimisha. Mtu aliyegongwa na lori la kigeni lenye kadi halali huenda yuko kwenye nafasi nzuri ya kulipwa kuliko aliyegongwa na jirani yake. Asipoiomba na kuinakili namba yake pale pale, lori likishavuka Kasumbalesa nafasi hiyo imeondoka nalo.

Na kuna karatasi moja inayohitaji uangalifu kuliko zote: karatasi ya mapatano. Usiku wa ajali, kituoni, ndugu wa dereva huja na dola mia au mia mbili, wanaomba msamaha, mzee mmoja anazungumza maneno mazuri, na familia ya majeruhi inaweka sahihi kwamba imeridhika na haidai tena. Kupatana ni desturi yetu na ni jambo la heshima. Bila hiyo, mitaa isingekalika. Lakini mfupa uliovunjika hauonyeshi gharama zake usiku wa kwanza. Maambukizi, upasuaji wa pili, miezi ya kukaa bila kazi, yote huja baadaye. Fedha za dawa zipokelewe, na karatasi iseme kwamba ni msaada wa matibabu ya mwanzo. Neno la kufunga dai lisubiri hadi daktari atakapomaliza kazi yake. Kama kuna bima, mapatano ya haraka yaliyofanywa bila kuijulisha kampuni yanaweza pia kuiharibu haki ya pande zote mbili.

Pamoja na hayo yote, nimeeleza tu namna ya kuongeza nafasi ya kulipwa na mtu mwingine. Mtu anayelala wodini katika hospitali ya Mwangeji, ambaye ndugu zake wanatafuta fedha za plasta leo, hawezi kula nafasi. Hapo ndipo kinga yake mwenyewe inapohitajika, na habari njema ni kwamba wakazi wengi wa Kolwezi wana sehemu ya kinga hiyo tayari, wala hawajui. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 177, inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi na familia yake matibabu anapougua au anapopata ajali, kwa muda wote wa mkataba. Sheria haisemi ajali ya kazini tu. Juu ya hapo, sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 iliyounda upya hifadhi ya jamii inaihesabu ajali ya njiani, kati ya nyumbani na kazini, kuwa hatari ya kikazi, na mwajiri anachangia asilimia 1.5 ya mshahara kwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, CNSS, kwa ajili ya hatari hizo. Mfanyakazi aliyegongwa saa kumi na moja alfajiri akielekea kituo cha basi la mgodi ana mlango wa kubisha hata kama aliyemgonga hakuonekana tena.

Mlango huo unafunguka kwa aliyeandikishwa. Utafiti wa shirika la haki za binadamu RAID na kituo cha wanasheria CAJJ cha Kolwezi, uliotolewa mwaka 2021 kuhusu migodi mitano mikubwa ya shaba na kobalti, ulikadiria kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi wake waliajiriwa kupitia makampuni ya watu wa kati. Katika minyororo hiyo ya ajira, mtu huvaa kofia na viatu vya mgodi fulani, huku mkataba wake, kama upo, ni wa kampuni nyingine ambayo ofisi yake haijui. Kwa mfanyakazi kama huyo, swali la bima ya barabarani ni swali la ajira. Anayo namba ya CNSS? Michango imelipwa mwezi huu? Mke na watoto wameandikwa? Hospitali gani itawapokea bila malipo ya mwanzo? Majibu ya maswali haya yana thamani kubwa kuliko bima yoyote ambayo angeinunua dukani, na wajumbe wa vyama vya wafanyakazi wanaokaa mezani kudai nyongeza ya mshahara wangefanya vema kuyaweka mbele ya nyongeza yenyewe.

Wasio na mwajiri ndio wengi: manseba, wauzaji wa soko la madini la Musompo, wachimbaji wa mkono, mafundi, wakulima. Kwao kinga inayofaa zaidi ni bima ya ajali ya mtu binafsi. Inavyofanya kazi ni rahisi kuelewa: mwenye bima akifa kwa ajali, familia inapewa kiasi kilichoandikwa, akipata ulemavu wa kudumu, analipwa kwa kadiri ya ulemavu, na gharama za matibabu zinarudishwa hadi kikomo kilichokubaliwa. Haiulizi nani mkosaji. Haimsubiri hakimu. Hapa nina maoni ambayo wauzaji wa bima labda hawatayapenda. Mwenye gari la taksi anayejikaza kununua bima kubwa ya kulilinda bati, lakini yeye mwenyewe hana kinga ya mwili wake, amepanga mambo kichwa chini. Bima ya lazima inawalipa wengine anaowagonga. Dereva aliyeushika usukani hayumo. Kwa familia inayoishi kwa mikono ya mtu mmoja, kitu cha kwanza cha kulinda ni mikono hiyo. Gari linafuata, na kama fedha haitoshi kwa yote, gari lisubiri.

Najua jibu nitakalopewa kwanza, kwa sababu linasikika kila mtaa: kampuni za bima hupokea, hazilipi. Jibu hilo lina historia na halifai kudharauliwa. SONAS, kampuni ya bima ya serikali, iliundwa mwaka 1966 na ikawa peke yake sokoni kwa miongo. Mteja aliyeudhika hakuwa na pa kuhamia, na mtu asiyeweza kuhama hana nguvu ya kudai. Vizazi viwili vilijifunza kuiona bima kuwa kodi nyingine tu, karatasi ya kumwonyesha polisi wa barabara. Lakini sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, ikaleta mamlaka ya kusimamia, ARCA, na tangu mwaka 2019 makampuni mengine yamepewa leseni: Rawsur, Activa, SFA na Mayfair ni miongoni mwake. Ushindani hauifanyi kampuni kuwa njema kwa siku moja. Unampa mteja vitu viwili ambavyo baba yake hakuwa navyo: uwezo wa kuondoka, na ofisi ya serikali ya kupeleka malalamiko. Mtu anayesema "hawalipi" anatakiwa kuuliza swali la pili: nani katika mtaa wetu amedai, alidai nini, alileta karatasi gani, na alijibiwa baada ya muda gani? Kampuni ichaguliwe kwa majibu hayo. Bei ya chini na kalenda nzuri ya ukutani hazitoshi. Na cheti kinunuliwe ofisini au kwa wakala anayejulikana, kwa risiti. Kijana anayeuza karatasi za bima kando ya barabara kwa nusu ya bei anauza karatasi.

Jibu la pili ni zito zaidi: maskini hana cha kulipa. Manseba anayehangaikia hesabu ya leo atawezaje kulipia ajali ambayo haijatokea? Ningekubali hoja hii kama watu wa Kolwezi wasingekuwa tayari wanalipia ajali, kila mwezi, kwa njia iliyo ghali. Kilio kinapotokea, kila mtu huchanga: wa kanisa, wa mtaa, wa chama cha manseba, wa likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana kwa zamu. Majeruhi akilazwa, daftari la michango linapita nyumba kwa nyumba. Fedha zipo, na upendo upo. Tatizo ni kwamba zinatoka baada ya msiba, kwa pupa, mara nyingi kwa mikopo, na zinategemea majeruhi ana ndugu wangapi na anapendwa kiasi gani. Mgeni aliyekuja kutafuta maisha machimboni, asiye na ukoo hapa, daftari lake linarudi jepesi. Kuchanga kabla ni kuchanga kidogo, na kinachopatikana ni haki ya mwanachama, hahitaji kuomba. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu vyama vya kusaidiana, yaani mutuelle, imeweka njia ya kuvisajili na kuviendesha kwa uwazi. Chama cha manseba chenye wanachama mia tano kinaweza kuikaribia kampuni ya bima na kununua kinga ya ajali kwa kundi zima, kikikusanya senti za kila siku kwa M-Pesa au Airtel Money, kwa bei ambayo mtu mmoja hawezi kuipata. Kampuni nayo inapata wateja mia tano kwa mkataba mmoja, na inaogopa kuwapoteza wote kwa kukataa dai moja la haki. Woga huo ndio mdai mmoja, akiwa peke yake, hawezi kuujenga.

Katika Katanga, hoja hii inagusa kidonda cha zamani. Kwa vizazi, kampuni za madini Union Minière na baadaye Gécamines zilikuwa baba na mama: hospitali, shule, mgao wa unga, nyumba, hadi sanduku la kuzikia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina linalowataja bana Shaba, yaani watoto wa Shaba, waliotupwa na baba yao, na kila familia ya kambi za zamani za Kolwezi inaelewa maana yake bila kukifungua. Baba alipoanguka katika miaka ya 1990, kinga yote ilianguka siku moja, kwa sababu yote ilikuwa mikononi mwake. Watu wengi wamechukua somo kwamba kinga ya namna hiyo hairudi tena, wakakata tamaa. Mimi nachukua somo jingine: kinga isikae mahali pamoja. Mwajiri awe na sehemu yake, CNSS sehemu yake, chama cha kazi au kanisa sehemu yake, na nyumba yenyewe iwe na akiba ya dharura, hata ya dola hamsini, isiyoguswa kwa harusi wala kwa simu mpya, kwa ajili ya malipo ya mwanzo ambayo hospitali inayaomba kabla haijamgusa mgonjwa. Akiba hiyo haitamaliza ajali kubwa. Itanunua saa ishirini na nne za kwanza, ambazo mara nyingi ndizo zinazoamua kama mguu utabaki.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua kweli, kwa kuwa ni la haki. Kwa nini aliyegongwa ndiye ajilipie kinga? Je, tukiwafundisha watu kujikinga wenyewe, hatuwaachilii wakosaji waendelee kuendesha bila bima kwa raha? Sehemu ya jibu iko katika namna bima zenyewe zilivyoundwa. Katika bima ya watu, kiasi kilichoandikwa kwa kifo au ulemavu kwa kawaida kinalipwa bila kufuta deni la mkosaji. Familia inakipokea na bado inamdai dereva, mwenye gari na bima yao. Kwa hiyo kujikinga hakumsamehe mtu. Kinyume chake, majeruhi ambaye hospitali yake imelipwa anaweza kusubiri kesi, kuajiri avoka, na kukataa mapatano ya dola mia mbili. Anayeachia haki yake haraka ni yule ambaye njaa imemfikia. Sehemu ya pili ya jibu ni kukiri kwamba pingamizi ni sahihi: raia kujikinga ni kwa kuziba pengo, na waliolileta pengo wanapaswa kuchangia kulifunga.

Nchi nyingine zimelifunga kwa kuanzisha mfuko wa kuwalipa waliogongwa na madereva wasio na bima au waliokimbia. Uingereza ina chombo cha namna hiyo tangu 1946, kinacholipiwa na makampuni ya bima yenyewe, maana yake kila dereva mwenye bima anawachangia waliogongwa na asiye nayo. Ufaransa, ambayo sheria zake ziko karibu na zetu kwa muundo, ilianzisha wake mwaka 1951. Afrika Kusini inatoza kwenye kila lita ya mafuta, ili asiyenunua bima naye achangie kila anapojaza tangi. Mfumo huo wa Afrika Kusini umelemewa na madeni na uendeshaji mbovu, na hilo ni onyo la kweli kwa yeyote anayedhani kwamba kuanzisha mfuko ni kumaliza kazi. Lakini wazo la kuufuata mzunguko wa fedha hadi barabarani ni sahihi kwa Lualaba kuliko kwa mahali pengi, kwa sababu hapa tunajua barabara inamtumikia nani. Tunachohitaji ni dirisha la namna hiyo linalofanya kazi Kolwezi, linalojulikana na muuza mboga wa soko, na linalolipa hospitali moja kwa moja katika wiki ya kwanza badala ya kumngoja hakimu.

Fedha za kuanzia hazihitaji kusubiri Kinshasa. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaigawa mirabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini, sekta au utawala wa kimila ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zile 15 zinafika karibu kabisa na waliogongwa. Komini inayopokea mirabaha ina haki ya kujiuliza, wakati inapopanga bajeti yake, kama jengo jingine la ofisi lina faida kuliko makubaliano na hospitali kuu kwamba kila majeruhi wa barabarani apokelewe bila malipo ya mwanzo, na bili ije komini, ambayo ndiyo itakayomfuatilia mwenye gari. Komini ina mwanasheria, muhuri na muda. Mama mwenye beseni hana. Mkoa nao unaweza kuyataka makampuni ya madini yaweke katika kila mkataba wa usafirishaji sharti kwamba lori lisilo na bima halali ya dhima na dereva asiye na kinga ya ajali visivuke geti la mgodi. Geti hizo tayari zinakagua kofia, viatu, pombe na vitambulisho. Kukagua cheti cha bima kwa kuipigia kampuni iliyokitoa kunachukua dakika chache, na lori lililokataliwa getini leo kwa kukosa bima litakuwa nayo kesho, kabla halijarudi kwenye RN39 pamoja na wanafunzi wa asubuhi.